Tamati Isiyo na Majina

Mtunzi wa tenzi wa zamani hakuiacha kazi yake iende uyatima. Alipokaribia mwisho alijitaja, akaomba dua, akaeleza kazi ilivyoanza na ilivyokwisha. Na mnakili aliyekuja baada yake aghalabu aliongeza jina lake naye, ili msomaji amkumbuke kwa rehema. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hakusahau kutaja idadi ya beti wala mwaka. Hayo hayakuwa majivuno. Ilikuwa ni adabu ya kazi: neno lina mwenyewe, na mzigo una aliyeubeba.

Filamu nazo zina tamati yake. Ni yale majina yanayopanda juu ya kitambaa cheupe wakati watazamaji wanainuka vitini na kutafuta viatu vyao. Laiti wangalikaa kidogo, wangaliona jambo. Katika filamu za safari na ushujaa ambazo Hollywood imezitengeneza kuhusu nchi hizi tangu enzi ya Uingereza, tamati huwataja waigizaji, wapiga picha, washonaji wa mavazi na wapambaji wa nywele. Lakini watu wa nchi, waliobeba na kuvuta na kuelekeza na kupika, hutajwa wachache tu, au hawatajwi kabisa. Na wapo wasomi na wapenzi wa sinema, hata miongoni mwa watu wa pwani, wanaosema kwamba filamu hizo ziheshimiwe, maana zilizitangaza nchi hizi duniani. Kauli hiyo haistahili kupita bila kujibiwa. Na pa kuijibia pazuri zaidi si pwani wala mbugani. Ni pale katikati ya nchi, Ugogo, kwenye uwanda mkavu wa Dodoma ambao filamu hizo zimeuruka daima.

Ianzwe na ile maarufu kuliko zote, The African Queen, ya mwaka 1951. Hadithi yake imewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwezi Septemba 1914, vita vikuu vilipokuwa vimeanza. Picha nyingi zilipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, na mwongozaji alikuwa John Huston. Mambo ya nyuma ya pazia ya filamu hiyo yamesimuliwa mara elfu. Kila mpenzi wa sinema anajua kwamba kikundi kiliugua tumbo kwa maji mabaya, na kwamba Humphrey Bogart na Huston hawakuugua, kwa kuwa walikunywa wiski badala ya maji. Katharine Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo mwaka 1987, na hata jina la kitabu limebeba majina ya Bogart, Bacall na Huston. Matumbo ya wageni yana historia. Waliochota hayo maji hawana.

Lakini kuna jambo zito kuliko maji. Mwanzoni mwa filamu hiyo askari wa Kijerumani wanafika kwenye kijiji cha misheni, wanakichoma moto, na kuwaswaga wanakijiji mbele yao. Mmisionari anapigwa, anarukwa na akili, anakufa. Dada yake anapanda mashua na yule nahodha mlevi, na hapo ndipo kisa kinapoanza. Wanakijiji je? Hawaonekani tena. Kamera haikuuliza walipelekwa wapi. Saa nzima na zaidi inayobaki ni ya wazungu wawili, mto, viboko, ruba na mapenzi yanayochanua. Kijiji kizima kiliteketezwa ili watu wawili wapate faragha.

Ugogo wanajua walipelekwa wapi. Vita hivyo hivyo vilipokuwa vikiendelea, majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza waliouteka mji wa Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wawe wapagazi wa jeshi. Uwanda ule hauna akiba ya kuchezewa. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Mgogo aliishi kwa hesabu: uwele na mtama ghalani, na ng'ombe zizini kwa ajili ya mwaka ambao mvua itagoma, kwani ng'ombe hubadilishwa kwa nafaka. Ghala lilipokombwa, zizi likakombwa, na mikono ya kulima ikapelekwa vitani, ukame ulipokuja haukukuta kinga. Ikawa njaa ya kati ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo wameipa jina la Mtunya. Wanahistoria hukisia kwamba watu wapatao 30,000 walikufa.

Hapo ndipo walipokwenda wanakijiji wa filamu ile. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza nahodha wa mashua mbovu katika vita hivyo. Mtunya haijapata hata dakika moja katika filamu yoyote ya Hollywood. Atakayesema kwamba filamu ile iliitangaza nchi, na aseme basi ilitangaza nini: mto bila watu, na vita bila waliokufa.

Mtu anaweza kujibu kwamba filamu hiyo haikuihusu Ugogo, na kwamba si haki kuidai kisichokuwa chake. Jibu hilo lisikike. Na itazamwe basi filamu ambayo kisa chake kilipita Ugogo kwa miguu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Dk. Livingstone, akiwa na misafara mitano na watu wapatao 190. Walipita Mpwapwa, ambako msaidizi wake mmoja mzungu, Farquhar, aliachwa mgonjwa akafia huko. Kutoka pale waliingia katika nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, wakatokea Ugogo. Kila mpagazi alikuwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70 au kilo 32, mbali na bunduki yake, chungu chake na mkeka wake. Mbele alitangulia kirangozi. Nyuma walikuja wanyampara, na miongoni mwa wakubwa wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa hadi India, akarudi Unguja akiwa huru, na ambaye njia ile aliijua kuliko bwana wake yeyote. Alikwisha kuipita na Burton na Speke mwaka 1857, akaipita tena na Speke na Grant, na baada ya Stanley angekuja kuvuka bara zima pamoja na Cameron. Wagunduzi walibadilika, aliyewaongoza alikuwa yule yule.

Na Ugogo palikuwa na sheria. Kila mtemi alitoza hongo: doti za merikani na kaniki, ushanga, waya wa shaba. Stanley katika kitabu chake amelalamika kwa hasira juu ya hongo hiyo, na wasomaji wa Ulaya wakaamini kwamba Wagogo ni wanyang'anyi. Lakini afikirie mtu mwenye akili timamu. Msafara wa watu mia mbili, au mia tano, au elfu, unafika kiangazini katika nchi ambayo maji yamefukuliwa kwa mkono chini ya mchanga wa mto mkavu. Watu hao watakunywa, punda wao watakunywa, watanunua mtama wa akiba, watakata kuni. Hongo ilikuwa bei ya kisima. Ilikuwa pia hati ya kupita, na aliyeilipa alilindwa mpaka mpaka wa mtemi mwingine. Mfanyabiashara wa Unguja aliinung'unikia kama mlipa kodi yeyote, akailipa, akaiingiza katika hesabu yake ya pembe.

Je, kuna mchezo wa kuigiza ulio bora kuliko huo? Mgeni mwenye bunduki na nguo za kuhesabu. Mtemi mwenye maji. Mkalimani katikati, anayejua kwamba neno moja likitafsiriwa ovyo watu watakufa kwa kiu. Na wapagazi waliokaa chini chini ya mbuyu wakisubiri siku mbili, tatu, huku wakinong'ona kutoroka. Mwandishi wa tamthilia asingehitaji kuzua kitu.

Hollywood ilizua. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu ya Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King, Spencer Tracy akiwa Stanley. Nyuma ya pazia mambo yalikuwa hivi: kikosi kidogo kilitumwa Afrika Mashariki kupiga picha za mandhari na misafara, Osa Johnson akiwa mshauri wake, na Tracy akabaki Hollywood akiigiza ndani ya studio. Kisha vipande viwili vikaunganishwa. Stanley akazuliwa hata binti wa kumpenda, ambaye historia haimjui. Kwa hiyo wale wanaoonekana wakitembea kweli juu ya ardhi ya Afrika, wakitokwa jasho la kweli, ni Waafrika wasiojulikana. Na yule anayejulikana, ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, hakuwapo. Mtu hawezi kupata mfano bora wa uongo wa safari hizo zote. Hata katika kuigiza, mzungu alisafirishwa na miguu ya wengine.

Na picha za watu hao hazikutumika mara moja. Ilikuwa desturi ya studio kuweka ghalani vipande vya filamu vilivyopigwa Afrika na kuvitumia tena. Picha zilizopigwa kwa ajili ya Trader Horn, ya mwaka 1931, ambayo kikundi chake kilizunguka Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, zilitiwa katika filamu ya kwanza ya Tarzan ya Johnny Weissmuller mwaka 1932. Mtu aliyesimama mbele ya kamera akiwa mtu wa kabila fulani, katika kijiji fulani, siku fulani, aligeuzwa kuwa mwitu wa Tarzan bila habari. Ndiyo maana jina lina uzito. Mwenye jina hawezi kuhamishwa hivyo.

Watetezi wa filamu hizi huikimbilia Hatari!, ya mwaka 1962, kana kwamba ndiyo ngome yao. Na kweli ngome hiyo ina mawe mazuri. Howard Hawks aliipiga Tanganyika kwenyewe, Arusha na Manyara na Ngorongoro, kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961. Alikataa kutumia waigizaji wa badala katika mbio za magari na wanyama. John Wayne mwenyewe alikaa katika kiti kilichofungwa nje ya gari, kamba mkononi, vumbi usoni. Hadithi ilipangwa kufuata wanyama waliopatikana. Kifaru aliponasuka mikononi mwa waigizaji na ikabidi akamatwe upya, Hawks hakusimamisha kamera. Russell Harlan, mpiga picha, aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili. Hardy Krüger aliipenda nchi hata akanunua shamba Momella akaishi huko. Na jina la filamu ni neno la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, lililobandikwa katika mabango ya dunia nzima.

Yote hayo ni kweli, na yote yanazidisha deni. Kama vumbi lilikuwa la kweli na kifaru alikuwa wa kweli, basi na wale vijana wanaoonekana wakiruka kutoka garini kumfunga mnyama miguu, hatua moja kutoka kwenye pembe, nao walikuwa wa kweli. Hatari ilikuwa yao pia. Lakini katika waigizaji wakuu wamo Mmarekani, Mjerumani, Mwitaliano na Mfaransa, Mtanganyika hayumo. Anasikika akiamrishwa. Na hakuna anayetazama filamu hiyo atakayeng'amua kwamba wakati ule ule inapigwa, Julius Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi baada ya uchaguzi wa 1960, na kwamba kabla haijafika katika majumba ya sinema nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961. Nchi imebadilika mikononi mwao, nao wanakamata twiga.

Kuna kisa kimoja cha filamu hiyo kinachorudisha njia Ugogo. Hawks aliporejea Marekani alikuwa na ala za muziki alizozikusanya Afrika, miongoni mwake marimba ya vidole, vibuyu, na maganda makubwa ya mbegu yanayotikiswa kama kayamba. Alimpa Henry Mancini, mtunzi wa muziki wa filamu, naye akazitumia. Muziki wa matembezi ya ndovu wachanga ulipendwa ulimwenguni, na Mancini akatunukiwa Grammy mwaka 1963. Nani aliichonga marimba ile? Ilinunuliwa wapi, kwa kiasi gani? Fundi wa ala ni mtunzi kabla ya mtunzi: anapopanga vijiti vya chuma, hiki kirefu na hiki kifupi, amekwisha kuamua ni sauti zipi zitakazowezekana. Wala jina lake halikuandikwa popote.

Marimba ya vidole ina mabwana wake Dodoma, na wao huiita ilimba. Hukwe Zawose alizaliwa huko Ugogo, akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kuichukua ilimba na zeze mpaka majukwaa ya Ulaya na Amerika. Santuri yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996 na kampuni ya Real World. Alifariki Desemba 2003. Alipoimba kwa Kigogo, watu wasiojua neno moja la lugha hiyo walikaa kimya wakasikiliza, na waliponunua santuri walisoma jina lake juu ya jalada. Tofauti kati ya sanduku la Hawks na jalada la Zawose si tofauti ya ala. Ni tofauti ya kutajwa. Basi jambo hilo lawezekana; halikuhitaji kungoja mpaka 1996.

Watetezi wana kauli mbili zilizobaki. Ya kwanza husema kwamba hizo zilikuwa zama zao, na filamu ni burudani. Lakini zama hizo hizo zilikuwa na watu walioandika majina. Wasafiri wa karne ya 19, pamoja na kiburi chao chote, walimtaja Bombay, wakamtaja Mabruki, wakawataja Susi na Chuma walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Filamu zilizofuata miaka 70 baadaye zilisahau hata yale ambayo wakoloni waliyakumbuka. Ya pili husema kwamba filamu huleta watalii, na watalii huleta fedha. Kauli hii ilisikika upya mwaka 2022 ilipozinduliwa The Royal Tour. Fedha ni njema. Ila mgeni aliyefundishwa kwamba nchi hii ni wanyama na mandhari huja kutafuta wanyama na mandhari, na fedha yake huishia huko. Ugogo, ambako njia yote ya bara ilipita, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1910, na ambao mji wake mkuu umepewa na taifa hadhi ya kuwa makao makuu, kwake ni nchi ya kupitwa usingizini.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitupia Hollywood lawama zote. Pwani nayo ina fungu lake. Neno "washenzi" halikutoka California. Lilisemwa barazani Unguja na Bagamoyo, kuhusu watu wale wale waliouza mtama na maji kwa misafara ya pwani. Mpaka leo katika vichekesho vya mjini Mgogo huletwa akiwa ombaomba, na wanaocheka hawajui kwamba wanacheka Mtunya: wanacheka watu waliokombolewa ghala na zizi na majeshi mawili kwa zamu. Mtoto wa Darajani anamung'unya ubuyu mwekundu bila kuuliza mbuyu wake ulisimama wapi. Mshairi wa pwani anayesema bara ni pori, na mwongozaji anayepiga picha pori hilo, wamekaa katika kiti kimoja.

Dawa ipo, na imo ndani ya makabati ya Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, visa vya safari vilivyosimuliwa na Waswahili wenyewe, kikiwamo cha Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara mpaka Tanganyika. Upo wasifu wa Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Hizo ni hadithi za kiu, deni, hila, maradhi na ujasiri, na msimulizi wake anaijua hongo ni nini. Atakayedai kwamba vitabu vya Kiswahili haviwezi kuwa sinema atazame Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliifanya filamu na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Kilichowezekana kwa mitaa ya Unguja kinawezekana kwa njia ya Mpwapwa.

Siku filamu hiyo itakapopigwa, na ipigwe Ugogo, kiangazi, chini ya mbuyu wenyewe. Mtemi azungumze Kigogo chake, na mkalimani apewe sehemu kubwa kuliko mzungu. Mwimbaji awe wa huko, na fundi wa ilimba aandikwe. Na mwisho ukifika taa zisiwashwe upesi. Yapandishwe majina ya waliobeba, waliochota maji, waliopika, walioonyesha njia, kila mmoja na kijiji chake, hata kama yatachukua robo saa. Watunzi wa tenzi walijua kwamba kazi ambayo haikutaja wenyewe haijafika tamati.